Ufunguo Uko Ng'ambo

Kule karakana wanamwita Sindano, na jina hilo limemkaa mwilini kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ni mwembamba, hilo halipingiki, lakini jina halikutokana na wembamba. Limetokana na ile tabia yake ya kubana sindano ya mkono kwenye pembe ya mdomo anapokagua mshono, akigeuza kitambaa huku na huku bila kusema neno, mpaka mwenye gari anaanza kuona haya kama mtu aliyevuliwa shati mbele ya daktari. Kazi yake ni viti vya magari. Anavivua vitambaa vikuukuu, anabadilisha sponji, anakata ngozi, anashona, anavivisha upya. Ameifanya kazi hiyo tangu alipotoka chuo cha ufundi, na sasa amevuka miaka arobaini, macho yameanza kudai miwani wakati wa kutunga uzi.

Magari ameyaendesha mengi, makubwa kwa madogo, na hakuna hata moja alilowahi kulifikisha mbali. Huyapokea getini, huyaingiza chini ya bati, na kazi ikiisha huyatoa kinyumenyume, akipenya katikati ya mapipa na milango iliyong'olewa bila kugusa kitu. Mafundi wa rangi humtania.

"Dada Sindano, leo umefika gia ya ngapi?"

"Ya nyuma," hujibu, sindano ikiwa bado mdomoni. "Na hiyo hiyo, nyinyi wenzangu imewashinda."

Leseni anayo. Imelala kwenye droo ya kabati, chini ya shuka za wageni.

Basi gari lao wenyewe lilipokuja, jipya, refu, la viti saba, hakuna aliyeshangilia mle nyumbani kuliko mama mkwe wake, na hakuna aliyekuwa kimya kuliko yeye. Si kwamba hakufurahi. Alikuwa amelingoja kwa miaka mingi mno, na siku lilipofika alijikuta amesimama uani, mikono kifuani, akilitazama kama mtu anayepokea barua ya kazi aliyoiomba akiwa msichana.

Mumewe ni msimamizi wa ghala la vifaa vya ujenzi, mtu ambaye mikononi mwake haupotei hata msumari. Alikataa katakata kuondoa nailoni kwenye viti. "Ikitoka nailoni, upya nao umetoka," alisema. Mkewe akacheka peke yake. "Mwaka mzima nashona viti vya watu, changu nakalia mfuko." Mume naye akacheka, na nailoni ikabaki pale pale.

Funguo zilikuja mbili, zile za kisasa zisizochomekwa popote. Ukiwa na mmoja mfukoni unabonyeza kitufe, gari linaitika. Mtu mwingine angeuacha mmoja nyumbani. Mume alizifunga zote mbili kwenye pete moja, akazitia kwenye mfuko wa shati, akaufunga kwa kifungo.

"Vitu viwili mahali pawili ni wasiwasi mara mbili," alisema. "Vikiwa pamoja, wasiwasi ni mmoja."

Hakuna aliyebisha. Mambo ya kutunza yalikuwa yake.

Jambo la nani akae wapi nalo halikujadiliwa. Mama mkwe alikaa mbele, pembeni ya mwanawe, mkoba mapajani, kitambaa kichwani kimekazwa vizuri. Sindano alikaa nyuma na vyombo. Ndivyo walivyoondoka asubuhi ile kwenda shambani kwa kaka yake mume, nyuma ya vilima, ili mama akamwone mwanawe mkubwa na kaka naye alione gari. Watoto waliachwa kwa shangazi yao.

Lami iliwafikisha kwenye kimji kidogo chenye kinu cha kusaga, duka la dawa za mifugo na kituo cha afya chenye paa la buluu. Hapo ikakatika. Mbele kidogo palikuwa na kizuizi cha walinzi wa msitu, gogo refu lililofungiwa jiwe upande mmoja. Mlinzi aliyevaa koti la mvua aliwaambia wazime gari akague kama wamebeba mkaa, na mume akabonyeza kitufe kwa madaha, akabonyeza tena wakati wa kuondoka, akimtazama mlinzi usoni aone kama ameona.

Baada ya kizuizi ilibaki njia tu. Makorongo, mawe yenye ncha, na miba iliyoinama pande zote mbili kama watu wanaochungulia harusini. Kila walipofika pabaya, mume alisimama, akashuka, akamwita mkewe ashike usukani, naye akatangulia kwa miguu ili amwelekeze kwa mikono. Hakutaka jiwe liguse chini wala mwiba uguse ubavu. Matawi aliyavuta kando kwa mikono yake mwenyewe, akayashikilia mpaka gari lipite.

"Sogea! Sogea! Kulia! Kulia kwako, mama watoto, si kwangu!"

"Ndiyo hiyo kulia kwangu!"

"Basi kushoto!"

Mama mkwe alikuwa ameshika mpini wa juu ya dirisha kwa mikono miwili. "Mguu wako mzito, mkwe," alisema. "Mwenzio anakanyaga kama anakanyaga yai."

"Viatu, Mama. Vina soli nene."

"Mh. Viatu."

Sindano alikaza macho njiani. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa amejifunza kumjibu mama mkwe kwa maneno mawili matatu na kuyameza yaliyobaki. Hawakuwa wamegombana hata siku moja, wala hawakuwa wamewahi kuzungumza.

Walifika kwenye mto mkavu adhuhuri imeshapita. Ulikuwa bonde pana la mchanga na mawe ya mviringo, na njia ilishuka upande huu, ikapotea mchangani, ikaonekana tena ikipanda ng'ambo. Mume aliliacha gari likiunguruma chini ya mti mkubwa ukingoni, mkewe akahamia kwenye usukani.

"Ngoja nikaone ule mpando wa kule," alisema, akivua viatu.

"Wingu lile silipendi, baba watoto."

"Wingu liko mlimani, sisi tuko hapa. Dakika moja tu."

Akavuka, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini, akipima mchanga kwa kisigino kila hatua. Alipofika ng'ambo akapanda, akainama kuchungulia mawe, akainua mkono uliokunjuliwa. Ishara yake ya njoo.

Sindano alikuwa ameshashika gia aliposikia mngurumo. Kwanza alidhani ni lori. Kisha akaona ndege wote wa pale bondeni wameruka kwa mpigo, na upande wa juu, kwenye kona ya mto, kitu cha rangi ya udongo kikaja kikijiviringisha, kikisukuma mbele yake vijiti, povu na shina zima la mti. Mchanga aliokuwa ameutazama sasa hivi ukatoweka. Maji yakapita mbele ya gari kwa kishindo, na mumewe akabaki upande wa pili.

"Mwanangu!" Mama mkwe alishusha kioo, akatoa kichwa na mkono nje. "Panda juu! Panda juu, mwanangu, yatakuchukua!"

Alikuwa ameshapanda. Walimwona amesimama juu ya mwamba, mzima, viatu bado mkononi. Mama hakunyamaza. Alipiga kelele, akapigapiga mlango kwa kiganja, na hakuna kati yao aliyetazama juu, kwenye panda ya ule mti, ambako nyuki walikuwa wameshavumilia moshi wa gari kwa muda wa kutosha.

Sindano alisikia mvumo kabla hajawaona. Akamvuta mama mkwe ndani, akabonyeza kioo kipande, akavua kitambaa chake cha kichwa, akawapiga wale walioingia, kwenye dirisha, kwenye dashibodi, kwenye bega la mama mkwe wake. Halafu pakawa kimya ndani, nje maji yakinguruma.

"Wamenipata," alisema mama mkwe.

"Wapi, Mama?"

"Shingoni. Na hapa mdomoni." Aliugusa mdomo kwa ncha za vidole. Sauti yake ilikuwa imeshuka, imekuwa ya mtu mwingine kabisa. "Basi mimi nimekwisha."

"Usiseme hivyo, Mama. Nyuki tu."

"Wewe hujui. Nilipokuwa msichana alinipata mmoja, mmoja tu, mkononi. Nilibebwa kama maiti. Daktari akaniambia mwingine asiniguse tena maisha yangu yote."

Sindano alimtazama. Shingo ilikuwa inajaa mapele mekundu mapana, yanaungana mbele ya macho yake, na mdomo wa chini ulikuwa umeanza kugeuka nje. Alitoa simu. Haikuwa na mtandao, kama ilivyokuwa tangu kizuizini. Akafungua mlango, akasimama kwenye kizingiti cha gari, akapunga mikono. Alimwonyesha mumewe mama yake, akajishika shingo, akajikaba koo, akatikisa kichwa. Aliona mkono wa mumewe unakwenda kichwani. Alikuwa ameelewa.

Hapo ndipo gari lilipolia. Ti, ti, ti. Kwenye kioo cha dashibodi paliwaka picha ya ufunguo uliokatwa kwa mstari.

Ng'ambo ya maji, mumewe alikuwa amejishika mfuko wa shati.

Sindano alijua maana yake vizuri kuliko alivyotaka. Karakana walishawahi kuletewa gari la namna hiyo. Mwenyewe alishuka nalo linaunguruma, akaenda zake na ufunguo mfukoni, fundi mmoja akalizima. Lilikaa limeziba geti mpaka alasiri, watu wakilizunguka kama ng'ombe aliyegoma. Gari hili nalo lingetembea vizuri tu bila ufunguo, mradi lisizimwe. Likizimwa, limezimwa.

Mumewe alitoa ile pete. Aliipima mkononi, akarudi nyuma hatua kadhaa, akainua mkono wa kurusha. Sindano aliacha kupumua. Mto ulikuwa mpana, na ukingo wa huku ulikuwa matope na majani marefu. Zilikuwa funguo zote mbili. Mkono ulikaa juu, ukashuka. Akazirudisha mfukoni. Kisha akaanza kusukuma hewa kwa viganja vyote viwili, nenda, nenda, na mdomo wake ukifunguka kwa neno moja ambalo maji yalilimeza, lakini alilisoma. Usizime.

Aliingia, akafunga mlango. Njia haikuwa na mahali pa kugeuzia. Akaweka gia ya nyuma, na kwa mara ya kwanza siku ile mikono yake ikatulia, kwa kuwa hii ilikuwa kazi yake. Alirudi kinyumenyume kupanda ukingo wote, shingo imepinda, akichonga kona kati ya mawe kama aliye katikati ya mapipa ya uani, mpaka penye uwazi mdogo wa vichaka. Uwazi haukutosha. Akaliingiza gari ubavu mzima kwenye miba. Sauti ya kucha za miba juu ya rangi ilikuwa ndefu, kama kitambaa kizuri kinachochanwa makusudi. Akageuza.

"Mama, kaa wima. Usilale."

Mama mkwe alikuwa anateleza. Kila gari liliporuka, nailoni ilimshusha, kidevu kikaingia kifuani, na pumzi ikatoka kwa mluzi mwembamba. Sindano alinyoosha mkono wa kushoto, akaingiza kucha chini ya nailoni ile karibu na bega la mama mkwe, akaivuta, akaichana mpaka chini. Akakishika kile kishikio cha pembeni ya kiti bila kukitafuta, akasimamisha mgongo wa kiti, akaukaza mkanda. Sasa alikaa wima, kichwa kimeegemea kitambaa halisi.

Halafu akakanyaga.

Kila jiwe alilolikwepa asubuhi sasa alilipanda. Hapakuwa na mikono ya kumwambia kulia wala kushoto. Chini ya miguu yao chuma kiligonga, kikakwaruza, kikagonga tena, na kila mara alisubiri injini ikohoe ife, na kila mara ilikuwa hai. Alijikuta anaongea. Hakujua anaongea nini. Alimweleza mama mkwe habari za kiti cha basi la shule alichokuta ndani yake jino la mtoto, habari za mteja aliyetaka viti vya rangi ya samli, habari za mgongo wake unaouma akiinamia mashine. Ilikuwa lazima iwepo sauti mle ndani ili asiusikie ule mluzi.

"Unanisikia, Mama? Finya mkono wangu."

Mkono ulifinya, kwa mbali.

Kwenye kona ya bonde dogo akakuta ng'ombe. Walikuwa wamejaa njia yote, wametulia kama waliolipia. Akafunga breki, gari likasimama, na injini ikanyamaza.

Ilikuwa kimya kabisa. Alisikia kengele ya ng'ombe mmoja. Alisikia damu masikioni mwake. Hakuwa amegusa kitufe, angeapa hakukigusa. Mguu wake ulilegea wenyewe juu ya breki, na mara injini ikashtuka, ikarudi kuunguruma kama haikwenda popote.

Hapo akakumbuka. Ni ule ubingwa mwingine wa gari hili. Likisimama kwenye taa linajizima lenyewe kubana mafuta, ukiinua mguu linajiwasha. Mumewe alikuwa hachoki kuusifia. "Linajilaza, linaamka." Safari hii lilikuwa limeamka. Safari ijayo, bila ufunguo, nani alijua? Palikuwa na kitufe cha kuizuia tabia hiyo, lakini vitufe vilikuwa safu nzima, na yeye siku zote alikaa nyuma.

Alisukuma mbele pole pole, hathubutu kusimama, bampa ikigusa makalio ya ng'ombe. "Tokeni! Tokeni jamani!" Mchungaji alimtukana kwa fimbo iliyoinuliwa. Macho ya Sindano yalikimbia juu ya vile vitufe.

Mkono wa mama mkwe ukainuka. Vidole vilikuwa vimevimba, pete imezama ndani ya nyama. Kidole kimoja kikapapasa dashibodi, kikapita kitufe cha kwanza, cha pili, kikatua kwenye chenye herufi A ndani ya duara. Yeye ndiye aliyekaa mbele safari zote. Yeye ndiye aliyesikiliza majigambo yote ya mwanawe.

"Hapo," alisema. Halikuwa neno, ilikuwa pumzi yenye umbo la neno.

Sindano akabonyeza. Taa ndogo ya njano ikawaka. Aliliachia gari lisimame kidogo, moyo mkononi. Liliendelea kuunguruma.

"Asante, Mama. Asante. Sasa usifanye kitu kingine, pumua tu."

Walipofika kizuizini gogo lilikuwa chini. Alipiga honi kutoka mbali, akaweka gia ya kuegesha, akashusha kioo. Mlinzi mwenye koti la mvua alikuja kwa mwendo wa mtu aliyeamshwa.

"Zima gari nikague."

"Siwezi kulizima. Nina mgonjwa. Inua gogo, kaka yangu."

"Kila mtu ana mgonjwa siku akibeba mkaa. Zima."

"Nikizima haliwaki! Ufunguo sina."

Mlinzi akasimama wima. "Ufunguo huna?"

"Uko ng'ambo ya mto. Kwa mume wangu."

"Gari linatembea, ufunguo uko ng'ambo ya mto." Alilitazama gari, michubuko iliyotoka mlango wa mbele mpaka taa za nyuma, majani ya miba yamening'inia kwenye kioo cha pembeni. "Na asubuhi hapa alipita mwanamume analiendesha. Mama, mwenye gari umemfanya nini?"

"Ni mume wangu!"

"Shuka tuongee vizuri." Na huku anasema, akapenyeza mkono dirishani, moja kwa moja kwenye kile kitufe alichokiona kikibonyezwa asubuhi.

Sindano alimpiga. Hakufikiri. Alikipiga kile kiganja kwa nguvu zake zote, kisha akakikamata kwa mikono miwili, akakivuta mpaka uso wa mlinzi ukaingia ndani ya gari.

"Tazama!" alisema. "Mtazame, halafu uzime!"

Mlinzi akatazama. Macho ya mama mkwe yalikuwa yamefumbwa na uvimbe, midomo imekuwa ya buluu, kifua kinapanda na kushuka bila hewa kuonekana kuingia. Mkono wake ulikuwa bado juu ya dashibodi, umekifunika kile kitufe cha herufi A.

"Mungu wangu," alisema mlinzi, akaukwapua mkono wake, akakimbia. Aliliangukia lile jiwe la upande wa pili kwa tumbo, gogo likaruka juu.

Kituo cha afya hakikuwa mbali, lakini sehemu ile ya njia Sindano hakuikumbuka baadaye hata kidogo. Anakumbuka paa la buluu, ngazi, na sauti yake mwenyewe ikiita. Muuguzi wa zamu, mama mnene mwenye kandambili, alitoka akijifuta mikono, akamtazama mgonjwa mara moja na hakuuliza jina.

"Nini?"

"Nyuki."

"Mleteni. Shika miguu huku. Wewe, shika!"

Sindano ya muuguzi ilikuwa kubwa. Aliidunga pajani, juu ya nguo, hakungoja kufunua. Wakamlaza, wakaweka oksijeni. Muuguzi akasikiliza kifua, akakunja uso, akadunga tena. Sindano alisimama ukutani, mikono imeshikana, akiutazama ule mdomo wa buluu. Hakuomba kitu kirefu. Alisema tu moyoni, mwache, mwache, mwache, kama mtu anayempigia kelele mwizi.

Kwanza ulikuja mluzi. Ule mluzi alioukimbia njia nzima, sasa aliupokea kwa machozi, maana kabla yake hapakuwa na sauti yoyote. Halafu kikohozi. Halafu pumzi moja nzito, ya mwisho wa shimo, na nyingine nyuma yake.

"Haya," alisema muuguzi, akajipangusa paji la uso kwa mkono. "Amerudi. Mngechelewa kidogo tu, ningekuwa nakuuliza habari nyingine. Wewe ni nani wake?"

"Mkwe."

"Hatoki hapa leo, tutamwangalia mpaka kesho. Sasa nenda ukazime hilo gari, moshi wote unaingia wodini."

Alitoka nje. Gari lilikuwa limesimama gurudumu moja juu ya ngazi, milango wazi, likinguruma kwa subira. Alikaa kwenye usukani, akaweka kidole juu ya kitufe, na ilimchukua muda kukibonyeza. Alipobonyeza, kila kitu kilizimika kwa mpigo, taa, saa, ile picha ya ufunguo. Mguu wake wa kulia ukaendelea kukanyaga sakafu peke yake, na hakuweza kuuzuia.

Mumewe alifika jua likiwa limelegea, amebebwa nyuma ya pikipiki ya mtu asiyemjua. Maji yalikuwa yamepungua, akavuka yakiwa kiunoni. Viatu hakuwa navyo tena. Alipita mlangoni bila salamu, akaenda moja kwa moja kitandani, akapiga magoti, akaweka kichwa pembeni ya mkono wa mama yake. Mama alikuwa amefumba macho.

Kisha akainuka, akamjia mkewe pale alipoketi kwenye benchi.

"Pole, mama watoto. Mungu amesaidia." Akatazama dirishani. "Ule ubavu umeupitisha wapi?"

Aliuliza kwa upole. Ni mtu wa ghala, na mtu wa ghala akitishika hutafuta kitu cha kukagua. Siku nyingine mkewe angelielewa hilo na kulimeza. Lakini siku hiyo alisimama.

"Unaniuliza ubavu?"

"Hapana, mimi nasema tu—"

"Unaniuliza ubavu, wewe! Mama yako amekuwa wa buluu mbele yangu. Nimemwona akiwa wa buluu! Nimepitisha gari kwenye miba kwa sababu mikono yako ilikuwa ng'ambo, na funguo zako ng'ambo, zote mbili, kwenye mfuko wenye kifungo! Ungeniachia mmoja. Mmoja tu! Safari zote nakaa nyuma na masufuria, sijui hata kitufe kipi ni cha nini ndani ya gari la nyumbani kwangu, mpaka mgonjwa anayekufa ndiye anionyeshe!" Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka muuguzi akatokea mlangoni. Aliisikia mwenyewe na hakuitambua. "Ubavu! Uliza kama nilipumua. Niulize hilo!"

Mumewe alikuwa amesimama peku katikati ya wodi, maji ya matope yakimtiririka kwenye kifundo cha mguu. Alifungua mdomo.

"Mwache aseme," ilitoka sauti kitandani, kavu, iliyokwaruzwa.

Wote wakageuka. Mama mkwe alikuwa amefumbua jicho moja. La pili lilikuwa bado limefunikwa.

"Mama, usiongee, koo lako—"

"Nimesema mwache aseme. Hajamaliza."

Lakini alikuwa amemaliza. Muuguzi aliwaambia washushe sauti kuna wagonjwa wengine, akaondoka akiburuta kandambili zake. Mume akaenda kusimama dirishani, akiwapa mgongo, mabega yakimtikisika kidogo. Wodini hapakuwa na kiti kingine zaidi ya lile benchi la mbali.

Sindano alikuwa amesimama tu, mikono imening'inia. Mama mkwe alimtazama kwa lile jicho moja. Kisha, chini ya shuka, pole pole, akaisogeza miguu yake upande wa ukutani, akaacha nafasi ukingoni mwa kitanda, ya kumtosha mtu mwembamba kukaa.